Ugezi wa kamera kabla ya kupima milango na kuta za Mji Mkongwe

Masuala yanayonijia ni yale yale. "Nimepiga picha mlango mzima, programu ya kuunganisha picha imenipa modeli nzuri ya pande tatu, lakini nikiupima kwenye kompyuta umepungua sentimita tatu." "Ukuta umetoka na tumbo." "Kamera yangu ni mpya, ugezi wa nini?" Ugezi (kwa Kiingereza calibration) ni kuipima kamera yenyewe kabla ya kuitumia kupimia. Nimeona masuala hayo niyajibu yote pamoja, hatua kwa hatua, ili anayeanza leo asipoteze siku nzima ya kazi.

Nawaandikia hasa vijana wanaorekodi majengo ya zamani Unguja na Pemba: wanafunzi, mafundi ujenzi, na wapiga picha waliopewa kazi ya vipimo. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa 1883, ilianguka. Jengo likishaanguka, fundi anayetaka kulirudisha hawezi kufanya kazi kwa masimulizi. Anataka upana wa mlango, kimo cha dari, unene wa ukuta. Picha nzuri isiyopimika haimsaidii, na nafasi ya kuipiga tena haipo.

Nadharia ni hii tu. Kila lenzi, ya bei kubwa au ndogo, hupinda mistari kidogo, na hupinda zaidi pembezoni mwa picha. Kufanya ugezi ni kuitafutia kamera namba zake: urefu wa fokasi kwa pikseli (nukta ndogo zinazounda picha), kitovu cha picha, na namba chache zinazoeleza lenzi inapinda kiasi gani. Njia tutakayoitumia ni ya ubao bapa wa miraba myeusi na myeupe, iliyochapishwa na Zhengyou Zhang mwaka 2000. Unaupiga picha ubao unaoujua vipimo vyake kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta inafanya hesabu.

Jambo moja ulishike kabla hatujaendelea. Namba utakazopata si za kamera peke yake. Ni za kamera hii, na lenzi hii, fokasi ikiwa hapa, picha ikiwa na ukubwa huu. Ukigusa kimoja kati ya hivyo, namba hazikufai tena.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kamera yenye fokasi ya mkono. Lenzi isiyo na zumu ni bora. Simu nitaizungumzia baadaye.
- Ubao wa miraba 10 kwa 7. Kwa lenzi pana kama ya mm 24, chapisha kwenye karatasi ya A1, kila mraba mm 75. Kwa lenzi ya mm 50, au kwa simu, A3 yenye miraba ya mm 35 inatosha.
- Kitu kigumu na bapa cha kubandikia karatasi hiyo.
- Rula ndefu ya chuma na futi ya fundi.
- Tripodi, utepe wa gundi, kitambaa safi cha lenzi.
- Kompyuta yenye Python (lugha ya kuandikia programu) na OpenCV (mkusanyiko wa kazi za picha unaotumika ndani yake), ambazo ni za bure. Asiyeandika programu anaweza kutumia sehemu ya ugezi wa lenzi iliyomo ndani ya Agisoft Metashape, programu ya kutengeneza modeli kutokana na picha, lakini hiyo inalipiwa.

Kuhusu kitu cha kubandikia, usifanye haraka. Plaiwudi hapa kwetu haikai bapa: ukiiacha nje msimu wa masika, itapinda. Kadibodi ndiyo kabisa usiiguse. Kioo cha dirisha ni bapa sana, ila cha ukubwa wa A1 ni kizito na ni hatari kukibeba vichochoroni. Ninachopendekeza ni kibao cha aluminiamu chenye plastiki katikati, kile ambacho mafundi wa mabango ya maduka hukitumia. Waulizie vipande vilivyobaki. Ni chepesi, hakili unyevu, na kikikatwa vizuri kinabaki bapa miaka.

Hatua

1. Chapisha ubao bila kuupunguza. Nenda kwenye duka linalochapisha ramani za majengo, peleka faili la PDF, na mwambie mhudumu achapishe kwa asilimia 100. Mashine nyingi zina mazoea ya kupunguza picha ili iingie vizuri kwenye karatasi, na mhudumu hawezi kujua kwamba kwako milimita mbili ni msiba, kwa hivyo mwambie mwenyewe. Acha ukingo mweupe pande zote nne. Bila ukingo huo programu hushindwa kuiona miraba ya mwisho. Usikubali kuwekewa plastiki ya kung'aa juu, itarudisha mwangaza kwenye lenzi.

2. Bandika, kisha pima. Tumia gundi ya kupulizia, anza katikati ukisukuma hewa kwenda nje. Ikikauka, weka rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya ubao, kwa urefu, kwa upana na kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ukipenya chini ya rula mahali popote, hapo pana bonde. Bandua, anza upya.

Sasa pima miraba. Usipime mmoja, pima yote 10 kwa pamoja kisha gawa: ukipata mm 747, mraba wako ni mm 74.7, na hiyo ndiyo namba utakayoiandika kwenye programu, siyo 75 uliyoikusudia. Halafu pima upande wa pili, miraba 7. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Mashine ya kuchapisha huweza kuvuta karatasi zaidi upande inakotokea kuliko upande wa pili. Ukipata 74.7 huku na 74.2 kule, ubao wako si wa miraba tena, ni wa mistatili, na kamera itasingiziwa kosa la karatasi. Ama chapisha kwengine, ama ipe programu vipimo vya pande zote mbili.

3. Ifunge kamera. Yaani kila kinachoweza kubadilika chenyewe, kizime:

- Fokasi ya mkono. Iweke kwenye umbali utakaofanyia kazi, kisha bandika utepe kwenye pete ya lenzi isizunguke.
- Kizuia mtikisiko kizime, kiwe kwenye lenzi au ndani ya kamera. Kazi yake ni kuisogeza lenzi au sensa (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga), nasi tunataka visisogee.
- Urekebishaji wa lenzi unaofanywa na kamera yenyewe uzime. Usipouzima, unapima kazi ya programu ya kamera badala ya lenzi.
- Kuzungusha picha kwenyewe zima. Picha ya kusimama ikigeuzwa, upana unakuwa urefu na hesabu yote inavurugika.
- Ukubwa wa picha uwe ule wa juu kabisa, na ubaki huo huo hadi mwisho wa kazi.

Tundu la lenzi weka f/8. Kwa lenzi ya mm 24 kwenye sensa ya mm 36, ukiweka fokasi mita 3 na f/8, unapata picha kali kuanzia kama mita 1.5 hadi mbali kabisa. Kwa vichochoro vyetu, ambako huna pa kurudi nyuma, mpangilio huo unatosheleza kazi nyingi bila kuigusa fokasi tena.

4. Chagua pahala na wakati. Kivuli kilicho sawasawa, ubao wote uwe ndani yake. Mchana jua letu liko juu sana na vivuli ni vikali. Mstari mmoja wa jua ukikata ubao, programu inaweza kuuona kama ukingo wa mraba. Asubuhi ndani ya ua, au siku ya mawingu, ni vizuri. Kama kamera imetoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa kabla ya kuitoa. Ukiitoa papo hapo lenzi hupata ukungu, na ukungu mwepesi hauonekani kwenye skrini ndogo.

5. Piga picha za ubao. Ubao mkubwa uegemeze ukutani usitikisike, utembee wewe. Piga picha 25 hadi 30 hivi:

- Nyingi ziwe za upande: kutoka kushoto, kulia, juu, chini, kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45.
- Ubao uonekane kila sehemu ya picha kwa zamu, hasa kwenye pembe nne, kwani huko ndiko lenzi inakopinda.
- Badilisha umbali: katika baadhi ujaze nusu ya picha, katika nyengine theluthi.
- Chache piga kamera ikiwa imesimamishwa wima. Hizo husaidia kukipata kitovu cha picha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupiga picha zote ukiwa umesimama mbele ya ubao, uso kwa uso. Ukifanya hivyo, programu haiwezi kutofautisha lenzi ndefu iliyo mbali na lenzi fupi iliyo karibu, kwani zote mbili huupa ubao ukubwa ule ule. Itakupa jibu, na jibu hilo litakuwa na kosa dogo la kupendeza, na litakuwa si kweli. Mshazari ndio unaoifungua hesabu.

6. Chuja. Zifungue kwenye kompyuta kwa ukubwa wake halisi. Yenye ukungu, yenye mtikisiko, yenye kidole mbele, futa. Ukibaki na 20 nzuri una mali.

7. Fanya hesabu. Ndani ya OpenCV kazi zinazohitajika ni tatu. findChessboardCorners inazitafuta kona za ndani. Kwa ubao wa miraba 10 kwa 7, kona za ndani ni 9 kwa 6, na ukiandika 10 kwa 7 haitaona chochote. cornerSubPix inazinoa kona hizo hadi chini ya pikseli moja, usiiruke. Kisha calibrateCamera inatoa namba zenyewe: fx na fy (urefu wa fokasi kwa pikseli), cx na cy (kitovu cha picha), halafu k1, k2, p1, p2 na k3 (namba za upindaji wa lenzi), pamoja na kosa la wastani kwa pikseli, yaani kona zilizoonekana zinatofautiana kiasi gani na pale namba hizo zinapoziweka.

8. Zihoji namba. Kosa la wastani chini ya 0.5 ni zuri, kati ya 0.5 na 1 linavumilika, juu ya 1 rudi utafute sababu. Ila usiishie hapo, maana nimeshasema kosa dogo linaweza kudanganya. Angalia fx kwa hesabu ya mkono: urefu wa lenzi gawa kwa upana wa sensa, zidisha kwa upana wa picha. Lenzi ya mm 24, sensa ya mm 36, picha ya pikseli 6000 inakupa 4000. Ukipata 3950 au 4080 hapana neno, kwani fokasi na uundaji wa lenzi huleta tofauti hiyo. Ukipata 5200, pana kitu kimekosewa. fx na fy ziwe karibu sawa, na kitovu kiwe karibu na katikati ya picha, yaani 3000 na 2000 kwa picha ya 6000 kwa 4000.

Halafu fanya jambo ambalo wachache hulifanya: gawa picha zako makundi mawili na ufanye hesabu kila kundi peke yake. fx zikitofautiana pikseli tatu nne kati ya 4000, lala usingizi. Zikitofautiana 40, hiyo ni asilimia 1, na asilimia 1 ya mlango wa mita 2.5 ni sentimita mbili na nusu. Ongeza picha, hasa za mshazari.

9. Thibitisha kwa kitu kisichokuwemo kwenye ugezi. Hapa nina ushauri wa watu wa visiwani. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Zina uhai wake, hazikunyooka, kwa hivyo usizitumie kuipima lenzi. Mstari ulionyooka tunao bure: upeo wa bahari. Nenda Paje au Jambiani, au Vumawimbi kule Pemba, siku isiyo na utusitusi. Piga picha upeo ukiwa juu kabisa ya picha, kisha nyengine ukiwa chini kabisa. Kabla ya kurekebishwa, upeo utapinda kama upinde mwembamba. Ipitishe picha kwenye undistort, kazi ya OpenCV inayonyoosha picha, pamoja na namba zako, kisha weka rula ya skrini juu ya mstari ule kutoka ukingo hadi ukingo. Ukinyooka wote, ugezi wako umesimama. Ukibaki umepinda kwenye pembe tu, ubao haukufika pembeni ulipopiga. Asiyeweza kufika pwani atumie uzi wa mwashi uliovutwa kati ya misumari miwili.

10. Hifadhi na maelezo yake. Jina la faili liwe na kamera, lenzi, umbali wa fokasi, ukubwa wa picha na tarehe. Ukizipunguza picha kuwa nusu, fx, fy, cx na cy nazo zigawe kwa 2. Namba za k na p haziguswi.

Ugezi hautoi kipimo cha jengo

Hili wengi hawalielewi, na ndilo chanzo cha zile sentimita tatu. Ugezi unanyoosha umbo. Hauijulishi programu kwamba mlango ni mita 2.5. Lazima kwenye kila kazi kuwe na urefu unaojulikana: fimbo yenye alama mbili ulizozipima kwa rula ya chuma, ikiegemezwa kando ya mlango. Weka fimbo mbili, moja ya wima na moja ya kulala. Moja itumie kuipa modeli ukubwa, ya pili usiiingize. Iache uipime kwenye modeli mwishoni. Ikitoka sawa ndani ya milimita chache, una haki ya kuandika vipimo kwenye mchoro.

Wenye simu

Inawezekana, kwa tahadhari. Simu hubadilisha lenzi yenyewe ukikaribia kitu, huisogeza lenzi kuzuia mtikisiko, na hurekebisha upindaji kabla hujaiona picha. Tumia programu ya kamera yenye mipangilio ya mkono, chagua lenzi kuu, funga fokasi, usiguse zumu. Fanya ugezi siku ile ile ya kazi, mpangilio ule ule. Na usichanganye picha na vidio: vidio mara nyingi hukata pembeni mwa sensa, hivyo ina namba zake mbali. Kwa michoro ya nakshi simu inafaa. Kwa vipimo vya uhandisi siishauri.

Wanaopiga chini ya maji

Wenzetu wa matumbawe na mwani wana suala lao. Maji hupinda mwanga kuliko hewa. Kielezo chake cha kupinda mwanga ni kama 1.33. Kamera iliyo ndani ya kasha la kioo bapa huona kana kwamba lenzi imerefuka kwa kiasi hicho, na upindaji wa pembeni hubadilika. Kwa hivyo ugezi wa nchi kavu haufai hata kidogo. Ubao uingie majini pamoja na kamera, ndani ya kasha lile lile. Uchapishe moja kwa moja juu ya kibao cha plastiki au aluminiamu, karatasi haitahimili. Maji yawe tulivu na safi, wakati maji yamejaa na mchanga haujatifuka. Na kama unapima rangi pia, beba kadi ya kijivu uipige kwenye kina kile kile, kwani wekundu ndio hupotea mwanzo ukishuka mita chache tu.

Yakikwama

*Programu haioni kona hata moja.* Hesabu kona za ndani tena. Kama ni sawa, angalia ukingo mweupe, kisha mwangaza. Picha kubwa sana nazo husumbua: tafuta kona kwenye nakala iliyopunguzwa, halafu zinoe kwenye picha kamili.

*Kosa ni kubwa, lakini kwa picha mbili tatu tu.* Zitazame. Mara nyingi ni mtikisiko au kona zilizoshikwa mahali pabaya. Ziondoe. Usiendelee kuondoa mpaka namba ikupendeze. Ukifika nusu ya picha, tatizo ni ubao au kamera.

*Kosa ni kubwa kwa picha zote sawasawa.* Ubao haukukaa bapa, au fokasi ilisogea. Rudi na rula.

*k3 imetoka namba kubwa mno, na picha iliyorekebishwa imejikunja pembeni.* Pembe hazikupata picha za kutosha. Ongeza picha za pembeni, au iambie programu k3 iwe sifuri. Kwa lenzi za kawaida hutapoteza kitu.

*Modeli ya ukuta mrefu ina tumbo japokuwa ugezi ni mzuri.* Hapo kosa liko kwenye upigaji wa jengo. Umetembea sambamba na ukuta ukipiga uso kwa uso tu. Ongeza picha za mshazari, na picha ziingiliane kwa zaidi ya theluthi mbili. Wenye droni hupata tatizo hili hili wakiruka juu ya ardhi tambarare, na dawa ni ile ile pamoja na alama za ardhini zilizopimwa.

*Ugezi wa mwezi uliopita bado unafaa?* Kama utepe haujabanduka, kamera haijaanguka na lenzi haijavuliwa, piga picha tano za ubao na uzipime kwa namba za zamani. Kosa likibaki pale pale, endelea na kazi. Likipanda, rudi hatua ya 5. Ubao unao tayari, na haitakuchukua asubuhi nzima.